Kiporo cha Usiku Kiwe Mlo Mpya: Mwongozo Kamili wa Wali, Ugali, Nyama, Maharage na Chapati

Malalamiko ni yale yale. Wali wa kukaanga umegeuka bokoboko. Ugali umekunywa mafuta hadi unachuruzika. Katlesi zimepasuka kwenye karai, nyama inaelea peke yake. Wanaolaumiwa ni jiko, kikaango na aina ya mchele, wakati kosa lilishafanyika jana yake, pale watu walipomaliza kula na sufuria ikaachwa juu ya jiko, imefunikwa, hadi alfajiri.

Kwa hiyo tunaanzia usiku, kisha tunaingia jikoni. Vipimo vingi vinatosha watu 3 hadi 4. Kikombe ni cha mililita 250. Kijiko kisipoelezwa ni cha chakula.

## Vitu vya kuwa navyo

Vyombo:

- sinia pana au trei ya kupoozea chakula
- bakuli 2 au 3 zenye mifuniko inayobana
- kikaango kizito chenye upana wa sentimita 26 hadi 28
- karai dogo la kukaangia kwa mafuta mengi
- mwiko bapa, kijiko chenye matundu na chujio
- kitambaa safi cha jikoni kisichotoa nyuzi

Viungo vya kuweka akiba: mayai, vitunguu maji, kitunguu saumu, karoti, pilipili hoho, ndimu, giligilani, binzari nyembamba, pilipili manga, unga wa ngano kidogo na mafuta ya kula yasiyo na harufu kali. Mafuta yaliyokaangia samaki jana usiyatumie kwa wali, yatatawala ladha yote.

## Kazi ya usiku

1. Tenganisha vikavu na vya mchuzi kabla ya kuondoa vyombo. Wali mahali pake, mchuzi mahali pake, nyama itolewe kwenye mchuzi ikiwezekana. Wali uliolowa mchuzi haukaangiki tena, utaweza tu kupashwa moto ulivyo.

Kilicholiwa kwenye sahani ya mtu, au sinia lililoingizwa mikono ya watu sita, hakihesabiwi. Kiporo ni kile kilichobaki sufuriani.

2. Poza haraka. Tandaza wali kwenye sinia, unene usizidi sentimita 3. Mchuzi na maharage yamimine kwenye chombo kipana, kina kisizidi sentimita 5, au tumbukiza sufuria kwenye beseni la maji baridi huku ukikoroga. Sufuria nzima iliyofunikwa hukaa vuguvugu kwa saa nyingi, na uvuguvugu ndio vijidudu vinavyoutaka.

3. Hesabu saa. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Joto likizidi nyuzi 32, kama kawaida ya Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, hesabu saa 1. Mvuke ukishakatika, funika na uingize kwenye friji. Hakuna haja ya kusubiri chakula kiwe baridi kabisa.

4. Jua muda wa kukaa. Friji iwe na ubaridi wa nyuzi 4 au chini yake. Wali ule kesho yake. Nyama, kuku na maharage visizidi siku 3. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hutunza ubaridi kwa takriban saa 4. Ikipita hapo, vyakula vyenye nyama, mayai, tui au wali uliopikwa vitupwe.

5. Pasha mara moja tu. Chukua kiasi utakachokula, kilichobaki kiendelee kukaa kwenye baridi. Ukishakigeuza mlo mpya, hakirudi kwenye friji kungoja siku ya tatu.

### Kwa nini wali unaogopwa kuliko nyama

Mchele mbichi huwa na mbegu za kijidudu kiitwacho Bacillus cereus. Mbegu hizo hazifi kwa kuchemka kwa kawaida. Wali unapokaa vuguvugu, huamka, huzaana na kutoa sumu. Sumu ile ya kutapisha haiondolewi na moto: unaweza kuukaanga wali hadi ukauke na mtu bado akaanza kutapika ndani ya saa 1 hadi 6.

Wala haina harufu. Wengi huonja kidogo, wakiona haujachacha wanaendelea. Kuonja hakupimi kitu hapa. Kinachopimwa ni saa ngapi wali ulikaa nje.

### Kama huna friji

Mchuzi wa nyama au maharage unaweza kuchemshwa kwa nguvu kabla ya kulala, lakini hata hivyo usiku mzima nje katika joto la pwani ni mrefu mno, na mchuzi wa nazi huchacha kabla ya adhuhuri. Ugali mgumu huvumilia kuliko wali, lakini kuvumilia si kuwa salama.

Suluhisho la kweli liko kwenye kupima. Kikombe 1 cha mchele mbichi hutoa karibu vikombe 3 vya wali, na mtu mzima hushiba kwa kikombe kimoja hadi kimoja na nusu. Pika kwa hesabu hiyo, na kama lazima kibaki kitu, kibaki chapati kavu. Wali uliolala sufuriani kwenye joto usiupigie hesabu, hata kama mchele umepanda bei.

Ramadhani ina mtego wake: kilichobaki kwenye futari huachwa mezani kikisubiri daku. Kati ya magharibi na daku ni saa nyingi. Kitoe kipoe, kiingie kwenye friji, kipashwe wakati wa daku.

## Wali wa kukaanga na mayai

Mahitaji:

- wali baridi vikombe 3
- mayai 2
- mafuta vijiko 3
- kitunguu maji 1, karoti 1 na nusu ya pilipili hoho, vyote vikatwe vidogo
- kitunguu saumu punje 2
- sosi ya soya kijiko 1, ukiwa nayo
- pilipili manga, na chumvi ya kuonjea mwishoni

1. Chambua wali ungali baridi. Lowesha vidole kidogo, vunja mabonge hadi punje ziachane. Wali ukipoa kwenye friji, wanga wake hukaza na uso wa punje hukauka, kwa hiyo haushikani. Wali wa moto bado una mvuke na uso wake unanata. Ukiukoroga kikaangoni unapondeka. Hii ndiyo sababu ya bokoboko, karibu kila mara.

2. Pasha kikaango kitupu kwanza, dakika 2, moto mkali. Weka kijiko 1 cha mafuta, mimina mayai yaliyopigwa, koroga kwa sekunde 20 hadi 30 na uyatoe yangali laini. Ukiyaacha ndani yatakauka yawe kama mpira, na ukiyamwaga juu ya wali yatalowesha kila punje.

3. Kaanga mboga kwa mafuta yaliyobaki. Karoti na kitunguu dakika 2, kisha hoho na kitunguu saumu sekunde 30. Mboga zibaki na ugumu kidogo. Ukitumia nyanya mbichi unaongeza maji, iache kwa kachumbari.

4. Ingiza wali kwa awamu mbili. Kikaango kikijaa, joto hushuka na wali unaanza kuchemka kwa mvuke wake badala ya kukaangika. Utandaze, ukandamize kwa mwiko bapa, uache sekunde 40 bila kuugusa. Geuza. Rudia mara 4 au 5. Sikiliza: mlio mkavu wa kuchatachata ni mzuri, mlio wa kutokota ni ishara ya maji.

5. Zungushia sosi ya soya pembezoni mwa kikaango, si katikati ya wali, ikaangike kabla ya kuingia. Rudisha mayai, changanya, onja chumvi. Wali ulipikwa na chumvi jana na sosi ina chumvi yake, kwa hiyo mara nyingi huongezi chochote.

Umefaulu kama punje zinadondoka moja moja kutoka kwenye mwiko, nyingine zimeshika rangi ya kahawia kwenye ncha, mvuke unatoka hadi katikati, na chini ya sahani hakubaki dimbwi la mafuta.

Kwenye jiko la mkaa huwezi kupunguza moto ghafla. Mkaa uwe umekolea kabisa kabla ya kuanza, na ukiona moshi nyanyua kikaango badala ya kumwagia maji.

Wali wa nazi unataka adabu nyingine. Tui lina mafuta yake na huungua upesi, kwa hiyo tumia kijiko 1 cha mafuta na moto wa wastani, na sosi ya soya uiache kabisa. Kitunguu, binzari nyembamba kidogo na pilipili vinatosha. Pilau usiiongezee kiungo chochote: ipashe kwenye kikaango na vijiko 2 vya maji, imefunikwa dakika 3, kisha ifunue ikauke, upasulie yai juu.

### Kama wali ulikuwa bokoboko tangu jana

Usilazimishe kuukaanga. Upondeponde vikombe 2, changanya na yai 1, unga wa ngano vijiko 3, kitunguu kilichokatwa vidogo sana, giligilani na pilipili. Finyanga vibapa vya unene wa sentimita 1, kaanga kwa mafuta machache, dakika 3 kila upande. Jaribu kimoja kwanza. Kikifumuka, ongeza kijiko 1 cha unga kwenye mchanganyiko uliobaki.

## Ugali wa kukaanga

Huu ndio mlo rahisi kuliko yote humu na ndio unaoharibiwa zaidi, kwa kuwa watu wanaukata ungali vuguvugu.

1. Usiku: ugali ungali wa moto, ukandamize kwenye sahani bapa hadi unene wa sentimita 2. Mvuke ukikatika, funika na uweke kwenye friji. Bonge la duara halipoi katikati na likikatwa linatoa vipande visivyolingana. Ukoko wa sufuriani usiuchanganye humo, mgumu utabaki mgumu (na watoto kwa kawaida hawauachi).

2. Asubuhi: kata vipande virefu vyenye upana wa sentimita 1 na nusu. Vifute kwa kitambaa kikavu pande zote. Unyevu wa juu ndio unaorusha mafuta na kuunguza mikono.

3. Mafuta yawe na kina cha nusu sentimita. Chovya ncha ya mwiko wa mti: mapovu yakizunguka mti, mafuta yako tayari. Mafuta yasipokuwa na moto wa kutosha, ugali haufungi ngozi na unayanywa.

4. Panga vipande bila kugusana, usiviguse dakika 4. Vitakuwa vimeshika kikaango mwanzoni. Ukilazimisha kugeuza, ngozi inabaki chini. Ngozi ikiiva huachia yenyewe. Geuza, dakika 3 nyingine.

5. Opoa, weka juu ya kitambaa au karatasi, nyunyiza chumvi na pilipili vipande vingali moto, kamulia ndimu. Chumvi ikichelewa haishiki.

Umefaulu kama ukigonga kipande kwa kisu kinatoa sauti kavu, na ukikivunja ndani ni laini na cheupe. Kikivunjika wakati wa kugeuza, ugali ulikuwa na maji mengi. Wa namna hiyo ukate mnene zaidi, sentimita 2 na nusu.

Unga wa dona hushika rangi mapema kuliko sembe, kwa hiyo usiamini rangi peke yake. Vinaliwa na kachumbari, maziwa mgando, au chai ya rangi yenye tangawizi.

## Katlesi za nyama, kuku au samaki

Nyama kidogo iliyobaki, ile isiyotosha hata watu wawili, hapa inapata hadhi. Kikombe 1 kinatoa katlesi 10.

Mahitaji: viazi mviringo gramu 500 (vya wastani 4 au 5), nyama iliyoiva iliyochambuliwa kikombe 1, kitunguu maji 1, pilipili mbichi 1, giligilani vijiko 2, binzari nyembamba nusu kijiko cha chai, ndimu nusu, mayai 2, chumvi, mafuta ya kukaangia.

1. Chemsha viazi na maganda yake, dakika 20 hadi 25, mpaka kisu kipenye bila kusukuma. Viazi vilivyomenywa na kukatwa hunywa maji, na maji hayo ndiyo yatakayopasua katlesi. Mwaga maji, menya vingali moto, ponda na chumvi papo hapo. Kiazi kilichopoa kikipondwa kinabaki na mabonge. Kisha acha kipondwa kipoe wazi, kitoe mvuke.

2. Kausha nyama. Ichambue kwa mkono iwe nyuzi fupi, ondoa mafuta yaliyoganda na mifupa. Samaki mpitishe vidoleni kipande kwa kipande, ukimsugua polepole kati ya kidole gumba na cha shahada: mwiba mwembamba hauonekani kwa macho, lakini kidole kinausikia. Mpishi mwenye haraka anampitisha mara moja, ilhali mara mbili ndiyo salama, hasa kama kuna watoto.

3. Kaanga kitunguu kidogo, weka nyama, binzari na pilipili, geuza dakika 4 hadi 5 mpaka nyama itoe mvuke na kikaango kiwe kikavu. Kama nyama ilikuwa ya mchuzi, huo mchuzi wote ukaukie hapa. Zima moto, kamulia ndimu, weka giligilani. Poza.

4. Finyanga. Paka mafuta viganjani. Chukua viazi kiasi cha vijiko 3, tandaza kiganjani, weka kijiko 1 cha nyama katikati, funga na bapaza kwa umbo la yai. Kagua ufa wowote na uuzibe kwa kidole kilicholowa. Ufa mdogo ndipo mafuta yanapoingilia. Ziweke kwenye friji dakika 30 zikaze.

5. Chovya kwenye mayai yaliyopigwa, kaanga. Mafuta ya kina cha sentimita 3, moto wa wastani, katlesi 3 au 4 kwa mara moja, dakika 2 kila upande. Kila kitu ndani kimeshaiva, lakini kipashwe hadi katikati: vunja ya kwanza uone kama mvuke unatoka.

Umefaulu kama nje kuna ngozi ya mayai yenye rangi ya dhahabu isiyo na tundu, na ukiipasua kiazi hakijageuka kijivu kwa mafuta.

Zikipasuka, viazi vilikuwa na maji au vilifinyangwa vingali moto. Dawa ya haraka ni vijiko 2 vya chenga za mkate mkavu kwenye kipondwa. Zikinyonya mafuta, moto ulikuwa mdogo au umejaza karai. Wengine huzipaka chenga za mkate kabla ya mayai ili ngozi iwe nene. Ni sawa, ingawa za mwambao kwa kawaida huishia kwenye yai tu.

## Maharage: kutoka mchuzi hadi kijazio

Maharage ya jana hayana haja ya kurudi mezani kama mchuzi.

1. Yachuje, mchuzi wake uuweke kando. Unataka vikombe 2 vya maharage.

2. Kaanga kitunguu 1 na punje 2 za kitunguu saumu kwa vijiko 2 vya mafuta, weka maharage, yaponde kwa mwiko humo humo. Acha theluthi moja nzima nzima, yakipondeka yote yanakuwa kama ya mtoto.

3. Endelea kukoroga kwa moto wa wastani dakika 6 hadi 8, ukiongeza mchuzi kijiko kimoja kimoja yakikauka kabla ya kushika moto. Umefaulu kama ukivuta mwiko chini ya kikaango njia inabaki wazi kwa sekunde 2 au 3 kabla ya kufungika.

Yapake kwenye mkate, yafungie kwenye chapati, au yaache yakauke zaidi yajaze sambusa. Kama yalipikwa kwa nazi, yanusie kabla ya yote. Ukiona povu dogo dogo au utelezi, yamwage, kwa kuwa kuchemsha hakurudishi tui lililochacha.

## Chapati

Chapati kavu ya jana inyunyizie matone ya maji, ifunike kwenye kikaango cha moto sekunde 30 kila upande. Hapo inakunjika.

Kuigeuza mlo, fuata mtindo wa rolex ya Uganda, yaani chapati iliyokunjwa na mayai: piga mayai 2 na kabichi, kitunguu na nyanya iliyotolewa mbegu, mimina kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, na mayai yangali mabichi juu lalisha chapati juu yake. Ikandamize dakika 1 ishike, geuza upande wa chapati uguse kikaango, nyunyiza chumvi na ukunje. Ukisubiri mayai yaive ndipo uweke chapati, havitashikana, na mtu wa kwanza kuuma atabaki na chapati mkononi na mayai kwenye sahani.

Chapati zilizokauka kabisa zikate ukanda wa upana wa kidole, uzitie kwenye mchuzi unaochemka dakika 2 za mwisho. Zikizidi dakika 2 zinayeyuka.

## Kufunga kwa ajili ya shule au kazini

Chakula cha moto kikifungwa kwenye bakuli la plastiki saa 12 asubuhi, saa 7 mchana kimeshakaa vuguvugu kwa saa nyingi, kama ile sufuria iliyotufanya tuandike mwongozo huu. Wali wa kukaanga na katlesi za nyama viliwe nyumbani, au vibebwe kwenye chupa pana ya kutunza joto iliyosuuzwa kwanza kwa maji yanayochemka, chakula kikiwa kinatoa mvuke, chupa isifunguliwe hadi wakati wa kula.

Asiye na chupa hiyo abebe chapati kavu na tunda. Yai la kuchemsha likibebwa, liwe na ganda lake na liliwe kabla ya saa 2 asubuhi kupita, lisingoje mchana.